Wapagazi wa michezo ya zamani

Kifaransa kina neno moja kwa kazi mbili. Portage ni kubeba mizigo kichwani na begani, ile kazi iliyowamaliza watu wengi kwenye njia ya Matadi hadi Léopoldville kabla ya reli kukamilika mwaka 1898. Portage ni pia kazi ya wanaprogramu: kuchukua mchezo ulioandikwa kwa kompyuta ya aina moja na kuufanya uchezeke kwenye kompyuta ya aina nyingine. Kwa maana hii ya pili wengine husema "kuhamisha". Neno hilo halinitoshi. Anayehama huchukua kitanda, viti na sufuria zake, akavipanga katika nyumba mpya kama vilivyokuwa. Mchezo wa kompyuta hauhami hivyo. Kila mashini ina lugha yake, rangi zake na kiasi chake cha kumbukumbu, na mtu hana budi kuubeba mchezo kipande kwa kipande, akijua kwamba pengine mzigo wote hautafika. Kwa hiyo napendekeza neno tulilo nalo tangu siku za misafara, siku zilezile Kiswahili kilipokuwa kinasafiri kuja bara: upagazi.

Wenzangu wa kitivo hunicheka. Nina miaka 24, na mashini ninazozisoma usiku badala ya fonolojia zilitengenezwa kabla sijazaliwa. "Utaoneaje hamu kitu ambacho hukukijua?" Swali ni la haki, na jibu lake limo katika jiografia. Historia ya kompyuta husimuliwa kana kwamba mfumo wa DOS ulikwisha katika miaka ya 1990. Kule ulikokwisha, ulikwisha. Hapa Lubumbashi mashini zile zilifika baada ya wenyewe kuzichoka, zikaanza maisha ya pili. Mjomba wangu alikuwa na sekretaria ya umma huko Katuba. Alipiga barua za kuomba kazi, matangazo ya vilio, orodha za wanafunzi na memwari za watu waliokuwa na haraka ya kumaliza masomo. Kompyuta yake ilinizidi umri, na mteja mmoja alikuwa ameacha ndani yake mchezo wa Prince of Persia. Nilikuwa na miaka 8. Jioni ambazo delestaji haikutuzimia umeme, tulicheza mimi na binamu zangu kwa zamu, mmoja kwenye vitufe na wengine wakipiga kelele nyuma yake.

Mwanzoni mwa mchezo ule kulikuwa na chumba kilichojaa chupa, kila chupa na herufi yake. Mchezo uliuliza: katika ukurasa fulani, mstari fulani wa kitabu cha maelezo, neno fulani linaanza na herufi gani? Ilikuwa njia ya kuwazuia watu wanaonakili bila kununua. Sisi kitabu hatukuwa nacho, wala Kiingereza. Tulibahatisha mpaka tukapita. Nadhani mapenzi yangu ya isimu yalianzia hapo, mbele ya mlango unaofunguka kwa herufi moja, na maana ya herufi hiyo imebaki katika kitabu kilicho nchi nyingine.

Prince of Persia ulitungwa na Mmarekani Jordan Mechner kwa kompyuta ya Apple II, ukatoka mwaka 1989. Ili mwana mfalme akimbie kama mtu wa kweli, Mechner alimpiga video mdogo wake akikimbia na kuruka, kisha akachora mienendo ile picha kwa picha. Picha hizo zilikula nafasi, na mashini ilikuwa na kilobaiti 128 za kumbukumbu. Picha moja ya simu ya leo huzipita mara nyingi. Ulipofika wakati wa kumpa mwana mfalme adui, nafasi ya kuchora mtu mwingine haikuwepo. Mechner akachukua picha zilezile za mwana mfalme, akazisogeza kidogo na kuzichanganya na zenyewe kwa hesabu ya biti, na skrini ikatoa umbo linalometameta. Ndiye Kivuli. Hutoka ndani ya kioo mwana mfalme anapokirukia. Huiba dawa, hufunga lango. Mwishoni wawili hao hukutana kwa panga, na mchezaji hugundua kwamba kila pigo analompiga Kivuli linampunguzia uhai yeye mwenyewe. Hapiti kwa kushinda. Hupita kwa kurudisha upanga alani na kumwendea, mpaka wawili wawe mmoja.

Sasa tumwangalie mpagazi. Mwaka 1990 mchezo ulipopelekwa kwenye kompyuta za DOS, rangi na kumbukumbu viliongezeka. Adui yule angeweza kuchorewa uso wake mwenyewe. Hakuchorewa. Kivuli kilibaki kivuli, kwa sababu kilikwisha kuwa maana. Jambo lililozaliwa na ufukara wa mashini moja lilibebwa zima hadi kwenye mashini isiyo na ufukara huo. Sisi wa isimu tunalijua jambo hili. Mzizi -la ni mfupi. Tukisema "anala", shadda ingeangukia kiambishi cha wakati, ambacho hakiwezi kuibeba. Kwa hiyo tunasema "anakula", na ku- ile iliyobaki kuziba pengo leo hakuna anayeiona kama kiraka. Ni sehemu ya neno.

Si wapagazi wote walio waangalifu hivyo, na si wote wanaotakiwa kuwa hivyo. Mchezo huohuo ulipofika kwenye Super Nintendo mwaka 1992, waliongeza vyumba mpaka ngazi zikawa 20, na dakika 60 za kumwokoa binti mfalme zikawa 120. Wengine walilazimika kupunguza. Doom ulitoka Desemba 1993 kwa kompyuta za PC. Mwaka 1995 Randy Linden aliufikisha kwenye Super Nintendo hiyohiyo, mashini ambayo haikuundwa kwa kazi ya namna ile, kwa msaada wa chipu ya ziada iliyofichwa ndani ya kaseti. Sakafu na dari zilipoteza michoro yake, zikabaki rangi tupu. Mazimwi yalibaki na picha za mbele tu: hata ukiyazunguka, bado yanakutazama usoni. Mtu anaweza kucheka. Mimi naona mtafsiri aliyepewa mistari minne ya kutia maneno ya mistari kumi, akaamua kipi kife ili kingine kiishi. Kilichoishi ni vyumba, milango na hofu ya kona ambayo hujui nyuma yake kuna nini. Bila hivyo Doom si Doom.

Mfano unaonifundisha zaidi ni Tetris, kwa kuwa ulianza katika maandishi. Alexey Pajitnov aliutunga Moscow mwaka 1984 kwenye Elektronika 60, mashini isiyoweza kuchora picha. Ilijua herufi na alama za uandishi tu. Vipande vya Tetris ya kwanza, basi, vilikuwa mabano ya mraba yaliyopangwa pamoja na kuteremka kwenye skrini. Kijana wa miaka 16, Vadim Gerasimov, akaufikisha kwenye IBM PC na kuutia rangi. Mwaka 1989 ukaingia katika Game Boy. Baadaye zikaja nakala za bei ya chini, vile visanduku vya plastiki vyenye miraba myeusi kwenye kioo cha kijivu, ambavyo kila mtoto wa umri wangu hapa mjini alivishika japo mara moja, hata kama kilikuwa cha jirani. Hakuna kati yetu aliyejua kwamba alikuwa ameshika sentensi ya alama za uandishi kutoka Moscow iliyobebwa na watu wengi. Ondoa rangi, ondoa muziki, rudisha mabano: Tetris bado ni Tetris. Mpagazi mzuri ni yule anayejua swali hili kabla ya kuinua mzigo: nikiondoa nini, kitu hiki kinaacha kuwa chenyewe?

Mpagazi huhitaji pia mzigo uwepo. Mwaka 2011 mwanaprogramu anayejiita Mr. SID aliufikisha Prince of Persia kwenye Commodore 64, mashini ya mwaka 1982, bila kuwa na hati ya asili iliyoandikwa na Mechner. Aliichambua programu ya Apple II kutoka nje, amri kwa amri, kama sisi tunavyoichambua lugha isiyo na sarufi iliyochapishwa: unasikiliza inavyotenda, unabuni kanuni, unairudia mpaka ikubali. Hati ya asili ilidhaniwa imepotea. Mwaka uliofuata baba yake Mechner, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa mchezo, akapata nyumbani sanduku lenye disketi za zamani, nayo hati ilikuwa humo. Watu wawili wanaozijua mashini za kale, Jason Scott na Tony Diaz, wakasaidia kuzisoma kabla sumaku yake haijachoka kabisa, na hati ikawekwa wazi kwa yeyote atakaye kuisoma. Miaka zaidi ya 20 ilikuwa imepita.

Habari ya sanduku lile ilinipeleka kwenye kabati la kitivo chetu. Ndani yake mlikuwa na disketi 31 za mwalimu mmoja marehemu. Katika miaka ya 1990 alikuwa akikusanya maneno ya Kisanga kwa wazee: majina ya uyoga, ya viwavi, ya udongo, na hasa maneno ya kazi ya kuyeyusha shaba. Mukuba ulichimbwa na kuyeyushwa hapa Katanga kabla ya kampuni yoyote kufika. Tanuru lilijengwa kwa udongo wa kichuguu, na kila sehemu yake ilikuwa na jina, kila sauti ya moto ilikuwa na jina. Mwalimu alifariki kabla ya kuichapisha kazi yake. Wazee aliowahoji nao wamekwenda. Kisanga ni lugha ya nkambo wangu, mama ya mama. Sisi wajukuu tumelelewa kwa Kiswahili nyumbani na Kifaransa shuleni. Kisanga tunakisikia watu wazima wanapotaka tusielewe.

Kusoma disketi hizo kulihitaji mashini ya umri wao. Karibu na soko yuko papa mmoja mwenye sekretaria, ambaye bado anatumia kompyuta kubwa ya manjano yenye tundu la disketi. Nilipoinyoshea mkono alinizuia. "Hii mashini ni mukubwa yako," akasema. "Uanze kuisalimia." Nikaisalimia, naye akaridhika. Disketi 26 zilisomeka. Tano zilikataa.

Zilizosomeka zilikuwa na ugonjwa wake. Mwalimu aliandika toni ya juu kwa kutia alama juu ya irabu: á, é, í, ó, ú. Katika DOS herufi hizo zina namba 160, 130, 161, 162 na 163. Windows ilizipa namba zilezile sura nyingine. 161 ikawa alama ya mshangao iliyopinduliwa, 162 alama ya senti, 163 pauni ya Uingereza, 130 kitu kinachofanana na mkato, na 160 ikawa nafasi tupu. Anayejua Kilingala ataona hatari yake. Moto ni mtu, motó ni kichwa, mɔ́tɔ ni ule wa kuni. Motó ikifunguliwa na mashini isiyoelewa inakuwa mot¢, kichwa kikageuka sarafu. Nayo á haigeuki kitu chochote. Inatoweka, na neno linakatika vipande viwili.

Hapo isimu ilinisaidia. Kisanga ni lugha ya Kibantu yenye irabu tano, na silabi zake huishia kwa irabu. Kwa hiyo konsonanti ikifuatwa na nafasi tupu, pale palikuwa na á. Haiwezi kuwa mwisho wa neno. Jedwali la mistari mitano na kanuni hiyo moja vilirudisha sauti kwenye disketi 22. Nne zilizobaki zilikuwa na msiba mwingine. Mtu fulani mwenye nia njema alikuwa amezifungua zamani kwenye mashini mpya, akaona uchafu wa senti na pauni, akausafisha. Aliweka irabu za kawaida kila mahali. Maneno 212 yalisomeka vizuri kabisa, bila toni hata moja.

Mji wetu una mfano wa namna ya kushughulikia maandishi yaliyopoteza sauti. Mwaka 1965 André Yav aliandika "Vocabulaire ya ville de Elisabethville", historia ya mji huu kama walivyoiona watumishi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha hapa, kikapigwa kwa taipureta bila tahajia iliyotulia. Johannes Fabian alipokuwa akiandaa chapa ya mwaka 1990, Kalundi Mango aliyasoma maandishi hayo kwa sauti, na sauti hiyo ndiyo iliyosaidia kuyaandika upya na kuyaelewa. Kutoka taipureta hadi koo, kutoka koo hadi kitabu, na leo maandishi hayo yapo hata kwenye intaneti. Huo ni upagazi wa hatua tatu, na hatua ya katikati ilikuwa mtu.

Nikayachukua maneno 212 nikaenda nayo kwa nkambo. Ana miaka 83. Nilisoma kila neno vibaya, naye akalirudisha vizuri, huku akinicheka na akiniuliza shuleni tunafundishwa nini. Kwa siku nne za Jumamosi tulifika maneno 147. Mengine 65 aliyasikiliza akatikisa kichwa. Yalikuwa maneno ya tanuru. Alinijibu kwa Kiswahili cha mjini ili nisikosee kuelewa: "Ile ni maneno ya banaume. Siye banamuke hatukufikaka kule."

Katika kitivo palikuwa na wazo la kuyajaza kwa mfanano. Tunajua toni za mizizi mingi inayofanana. Kwa kila neno tungeweza kukisia, na pengine tungepata zaidi ya nusu. Nimefikiri sana juu ya jambo hilo, na ni michezo iliyoniamulia. Sakafu ya Doom ya Super Nintendo ni rangi tupu, na kila mchezaji anaona kwamba ni tupu. Hadanganywi. Angechorewa sakafu ya kubuni, asingejua tena ipi ni ya asili na ipi ni ya mpagazi. Maneno 65 nimeyaacha bila toni, kila moja na nyota pembeni, na maelezo kwamba toni yake haikupatikana na ni kwa nini. Mpagazi aliyepotewa na gunia njiani hajazi jingine mchanga ili hesabu itimie.

Ndiyo maana siukubali wepesi wa wanaosema kwamba kupenda mashini za kale ni mchezo wa watu wenye nafasi. Hamu ya zamani ina hila zake, sikatai. Ni rahisi kupenda sanduku lenyewe: plastiki iliyogeuka manjano, mlio wa disketi unaofanana na kinu cha mahindi kinachoanza kuzunguka. Nami naupenda mlio huo. Lakini mashini ya papa wa sokoni itakufa siku moja, na siku hiyo sitaililia kwa rangi yake. Nitaililia kama tutakuwa tumeiacha ife na kitu ndani yake. Wale wanaokesha wakipeleka mchezo wa 1989 kwenye kompyuta ya 1982, bila malipo, kwa wachezaji wachache, wanaitunza elimu ambayo lugha zetu zinaihitaji kuliko michezo inavyoihitaji. Prince of Persia una nakala maelfu. Maneno ya tanuru yalikuwa na nakala moja, katika kabati lisilo na ufunguo.

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwenu zimo disketi za mzazi aliyekuwa mwalimu, katekista au karani. Usizifungue kwa haraka, na usizisafishe. Kwanza nakili disketi nzima kama ilivyo, iwe faili moja, pamoja na uchafu wake. Andika ilitoka kwa nani na katika mashini gani. Kisha, kwenye nakala ya pili, rudisha herufi katika Yunikodi, ili asomaye kesho asihitaji jedwali lako. Mahali usipojua, weka nyota. Na kama lugha iliyomo humo bado ina mzee anayeizungumza, mpelekee wiki hii. Jedwali la mistari mitano nimelibandika kwenye mlango wa maktaba ya kitivo, anayelihitaji alinakili.